Jibu: Mawazo kutangatanga wakati wa maombi

Ndugu, umeuliza kwa nini ukifumba macho kuomba ndipo shughuli zote zinakujia. Mara nyingi kosa ni kupigana nazo. Wazo unalolisukuma hurudi na nguvu zaidi. Anza na dakika 10 tu, simu iwe chumba kingine, mgongo wima (ukijilaza, usingizi utakuchukua). Weka karatasi kando: deni au kazi ikikujia, andika neno moja uiache. Kisha sali ile sala fupi ya kale ya Wakristo wa Mashariki (kama Waorthodoksi). Ukivuta pumzi, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu", ukiitoa, "unihurumie mimi mwenye dhambi." Polepole. Ukigundua umepotea, hata mara 20, lirudie jina la Yesu bila kujilaumu. Huko kurudi nako ni kuomba. Ila kinyongo kinachokujia kila siku usikifukuze, mweleze Mungu waziwazi.