Kuzimu si Jehanamu

Dada, umeuliza kama Yesu alienda motoni, maana kwenye Kanuni ya Imani sisi Wakatoliki tunasali "akashukia kuzimu". Hapana, hakwenda motoni. Kuzimu ni mahali pa wafu wote, wema kwa wabaya. Waebrania walipaita Sheoli, Wagiriki Hadesi. Hata neno lenyewe lina mizimu ndani yake, lisikilize vizuri. Jehanamu ni habari nyingine. Jina limetokana na bonde la Hinomu, nje tu ya kuta za Yerusalemu ya kale, ambako watu waliwahi kuwachoma watoto wao kama sadaka (Yeremia 7:31). Yesu alipolitaja akiwa Yerusalemu, wasikilizaji walijua bonde liko upande gani.

Ukitaka ushahidi wa haraka, fungua Ufunuo 20:14: mauti na kuzimu vinatupwa katika ziwa la moto. Sasa kama kuzimu ndiko motoni, kungetupwa wapi tena?

Huo moto ndio unaogawa makanisa. Sisi tunafundishwa kwamba ni wa milele, na kuna toharani kwa wanaohitaji kutakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Walutheri toharani hawaitaki kabisa. Wasabato wanasema waovu watateketea waishe, kama makapi ya Malaki 4:1, hakuna kuungua bila kikomo. Mimi na shemeji yangu Msabato tulilibishania hilo Pasaka iliyopita hadi chai ikapoa.