Kabla Hujatia Sahihi Kwenye Daftari la Skauti

Viongozi wapya wa vikosi huniuliza mambo mawili karibu kila mara: mtoto akae muda gani kwenye daraja moja kabla hajapanda, na sherehe ya kumvisha beji iandaliweje. Ni maswali mazuri, ila yote mawili yanaruka mahali penye kazi. Kazi iko katikati, pale mtu anaposhika kalamu na kuandika kwenye daftari la mtoto kwamba huyu ameweza. Sahihi hiyo ikiwa ya kweli, mengine hujipanga yenyewe. Ikiwa ya kubahatisha, hata ukumbi ukijaa maua na wageni wa heshima, mtoto anajua fika alichovishwa.

Nimekaa upande ule wa meza kwa miaka mingi, nikipima wavulana na wasichana, nikisaini na mara nyingine nikikataa kusaini. Ninayoyaandika hapa yametoka huko.

Tuanze na mzee mwenyewe. Mwaka 1907 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifanya kambi ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea, na mwaka uliofuata akatoa utaratibu wa madaraja. Yalikuwa matatu tu: la mgeni anayeanza, la pili na la kwanza. Tazama alichodai. Anayetaka daraja la pili ilibidi awashe moto kwa njiti za kiberiti zisizozidi mbili, apike robo ratili ya nyama na viazi viwili kwa sufuria ya kambini peke yake, amalize maili moja kwa dakika 12 kwa mwendo wa kupokezana hatua na mbio, na awe na akiba ya peni sita benki. Daraja la kwanza lilimtaka asafiri peke yake, kwa miguu au kwa kupiga makasia, hadi mahali palipo umbali wa maili saba, arudi, aandike taarifa. Tena awe amemleta mtoto mwingine na kumfundisha mwenyewe mpaka akawa skauti.

Hakuna hata sharti moja hapo unaloweza kulipita kwa kuhudhuria mikutano. Na njiti zilikuwa mbili, si moja. Mtu aliyewahi kuwasha moto kwenye upepo anajua ya kwanza huenda wapi.

Leo kila nchi ina ngazi zake. Uingereza kilele chake ni King's Scout Award, na kijana ana muda hadi miaka 25. Marekani wana madaraja saba, la juu kabisa likiwa Eagle, lililotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Huko kijana hukaa angalau miezi minne kwenye Daraja la Kwanza kabla ya kuwa Star, miezi sita akiwa Star kabla ya Life, na miezi sita mingine akiwa Life kabla ya Eagle. Juu ya hapo anatakiwa kuwa na beji za ustadi 21, awe ameshika uongozi kikosini na ameongoza mradi wa huduma kwa jamii, na yote hayo yakamilike kabla hajatimiza miaka 18.

Ninachokipenda zaidi kwao si orodha hiyo. Wameigawa safari ya kila daraja katika hatua nne: skauti anajifunza, anapimwa, anahojiwa, anatambuliwa. Hata kama chama chako hakitumii maneno hayo, zitenganishe hatua hizo nne na usiziache zigusane, hasa mbili za kwanza. Vikosi vingi hufundisha fundo saa kumi jioni, na ikifika saa kumi na robo tayari pana foleni ya sahihi. Mtoto wa saa kumi na robo anaiga mikono ya mwalimu aliyoiona sasa hivi. Mwache aende nyumbani, asahau kidogo, arudi wiki ijayo. Kitakachobaki mkononi mwake wiki ijayo ndicho chake.

Na unapompima, mpe shida, usimpe jina la fundo. Ukimwambia "funga fundo fulani" unapima kumbukumbu. Ukimwambia "hema hili linalegea kila upepo ukivuma, fanya jambo" unapima skauti. Kuna msichana mmoja, mwembamba, mkimya, niliyempa shida hiyo hiyo kambini. Alipitisha kamba kwenye kigingi, akaizungusha mara mbili kwa ndani, mara moja kwa nje, akavuta. Fundo likateleza lote hadi chini. Hakuniangalia. Alilifungua, akaipitisha kamba kati ya vidole viwili, akaona ni nailoni mpya, bado ina utelezi wa dukani. Akafunga upya, safari hii akiongeza mzunguko mmoja kwa ndani. Akavuta, likashika. Kijitabu kinaonyesha mizunguko miwili, na mwenzangu mmoja aliyekuwa pembeni akaninong'oneza kwamba amekosea. Nilisaini palepale. Sharti lilisema fundo lishike na liweze kurekebishwa, na lilishika na kurekebika.

Hapo ndipo linapokuja jambo la kutoongeza wala kutopunguza. Sharti likisema "onyesha", basi aonyeshe. Kueleza kwa mdomo hakutoshi. Likisema "eleza", usimdai maonyesho. Likisema kilomita nane, zisiwe saba kwa sababu mvua ilinyesha, wala zisiwe kumi kwa sababu wewe enzi zako ulitembea kumi. Viongozi wapole hupunguza, wakali huongeza, na nikilazimishwa kuchagua nani anaharibu zaidi, nitasema mkali. Mtoto aliyepunguziwa atakuja kugundua pengo lake siku moja na kuliziba. Aliyeongezewa hukunja skafu na kuiacha kabatini.

Ulemavu ni suala jingine, nalo halina ubishi. Baden-Powell alisisitiza kwamba kwenye beji tunapima juhudi ya mtu binafsi kuliko ubora wa kazi peke yake. Mtoto asiyeweza kuogelea au kutembea mwendo ule atafutiwe sharti mbadala lenye uzito unaolingana na uwezo wake, kwa maandishi, kwa idhini ya ngazi inayohusika, na kabla hajaanza kulifanyia kazi. Usingoje siku ya kupimwa ndipo muanze kunong'onezana.

Nani asaini? Mimi nasema kiongozi wa patroli, yaani kijana anayeongoza kikundi kidogo ndani ya kikosi, kwa masharti ya madaraja ya chini, mradi yeye mwenyewe ameyapita. Kijana wa miaka 14 anayempima wa miaka 11 hujifunza mara mbili, na nimeona mara nyingi ni wagumu kudanganywa kuliko sisi. Wewe simama mbali, ukisikiliza kwa sikio moja. Mzazi asimsainie mwanawe, na asikae kwenye jopo la kumhoji. Kwa masuala ya usalama, upimaji wowote unaomhusisha mtu mzima ufanyike mahali panapoonekana na wengine, wakiwepo watu wazima wawili. Hilo halijadiliwi, hata kama unamwamini mwenzako kiasi gani.

Sasa wasichana. Habari yao ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1909 maskauti walikusanyika Crystal Palace, London, na wasichana wakatokea na sare zao za kujishonea wakidai nao ni maskauti. Mwaka 1910 wakaundiwa chama chao, Girl Guides, chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Kwa miongo mingi kila upande ulipanda ngazi yake. Uingereza ilifungua mlango wa skauti kwa wasichana wa umri mkubwa mwaka 1976, na kwa rika zote mwaka 1991. Marekani, vikosi vya wasichana vilianza kupanda ngazi ile ya Eagle Februari 2019, na wa kwanza wakatangazwa Februari 2021. Piga hesabu: kutoka Daraja la Kwanza hadi Eagle peke yake ni miezi 16 isiyopungua, na hapo bado hujahesabu madaraja ya chini. Hawakufupishiwa muda. Hata hivyo minong'ono ilikuwepo, na ipo kila mahali milango inapofunguliwa.

Katika vikosi vya mchanganyiko sioni tena tatizo kwenye masharti yenyewe. Masharti ni yale yale, yamechapishwa. Tatizo liko kwenye nani ameshika shoka. Tazama kambi yoyote asubuhi ya siku ya pili: mvulana anapasua kuni, mwingine ana dira na ramani, msichana anakatakata vitunguu, mwingine ameshika daftari la mahudhurio kwa sababu ana mwandiko mzuri. Hakuna aliyewapangia. Wamejipanga, nasi tumeacha. Mwisho wa mwaka ukifungua madaftari yao unakuta wavulana wana sahihi za moto, ujenzi na uelekeaji, wasichana wana huduma ya kwanza na mapishi, na kila upande umekwama kwa kukosa nusu nyingine. Kisha mtu anasema wasichana hawapendi mambo ya porini.

Dawa yake ni ratiba ya zamu inayobadilika kila mlo, iliyoandikwa na viongozi wa patroli kabla ya kuondoka, na ibandikwe kwenye nguzo ya jikoni. Mvulana akae na sufuria hadi aivishe. Msichana apewe shoka, aonyeshwe umbali wa kusimama, namna ya kulipokeza kwa mwenzake likiwa na kifuniko, kisha aachwe apige. Mtu asimpokonye "amsaidie". Nimeona kupokonywa huko kukimaliza hamu ya mtoto kuliko kushindwa kokote.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la huruma. Kiongozi anamsainia msichana safari aliyoishia njiani kwa sababu "amejitahidi, ni msichana". Wenzake wameona. Yeye ameona. Beji hiyo atavaa akiwa ameificha chini ya skafu. Na ile kauli ya jukwaani, "ni msichana lakini ameweza", iondoe kwenye hotuba zako kabisa. Ameweza, basi.

Mahojiano ya mwisho, pale jopo linapokaa na skauti, si mtihani wa pili. Kama umepitisha sahihi, umepitisha; usianze kumwambia afunge mafundo upya mbele ya watu watatu wenye miwani. Mimi huuliza sharti gani lilimsumbua kuliko yote, nani alimsaidia, na kama patroli yake ingekuwa yake angebadilisha nini. Majibu ya swali hilo la mwisho yamekwisha kubadilisha mambo kadhaa kwenye kikosi chetu, ikiwemo mtindo wetu wa kuchelewa kuanza. Wavulana wengi hujifunga ulimi hapa. Wape muda ule ule mnaowapa wasichana kwenye ukuta wa kupanda: kaa kimya, ngoja.

Kutambuliwa kusichelewe. Mtoto akimaliza leo, beji aipate mkutano ujao, mbele ya patroli yake, hata kama sherehe kubwa ya wazazi ni baada ya miezi mitatu. Kwenye sherehe hiyo ataitwa tena, hakuna ubaya. Lakini ukimngojesha hadi mgeni rasmi apatikane, beji inafika wakati yeye yuko mbele sana, na inakuwa kama barua iliyopotea njiani. Siku ya kumvisha, taja alichofanya kwa sentensi moja ya kweli. "Aliongoza patroli yake usiku ule daraja la mto liliposombwa, wakazunguka na kufika wote" inatosha kuliko hotuba ya robo saa kuhusu vijana na taifa la kesho. Wapo pia watakaokaa kwenye daraja moja miaka na wako radhi, wanakuja kwa ajili ya kambi na marafiki. Hao nao wana kazi wanazozifanya ambazo hazina beji. Zitaje jukwaani siku hiyo hiyo.

Kwa wazazi nina ombi fupi: acheni kulinganisha madaftari kwenye kundi la simu.

Limebaki suala la umri, nalo huumiza wengi kwa sababu halina rufaa rahisi. Pale chama kinapoweka kikomo, rudi nyuma kutoka siku ya kuzaliwa. Chukua mfano ule wa Marekani: kikomo ni miaka 18, na kutoka Daraja la Kwanza hadi juu ni miezi 16. Kwa hiyo ambaye hajapata Daraja la Kwanza akiwa na miaka 16 na miezi minane, hesabu imekataa hata akiwa hodari vipi, na kwa kweli anahitaji miezi kadhaa zaidi kwa ajili ya mradi, maana idhini za mradi hazitolewi kwa siku moja. Fanya hesabu hiyo na kila skauti anapofikisha miaka 14. Mpe kalenda aijaze mwenyewe kwa penseli: daraja hili mwezi huu, beji zile likizo ile, mtihani wa shule hapa usiguswe. Akisema hataki kwenda hadi juu, andika hivyo hivyo, na umuulize tena baada ya mwaka, mzazi wake asipokuwepo chumbani.