Noti moja kwenye besi yangu inakufa mapema, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi napiga gita la besi kanisani, ni Fender ya mtumba, nyuzi nne, nimeipenda sana ila ina tatizo. Uzi wa G nikibonyeza freti (vile vyuma vilivyolala kwenye shingo) ya 5 au ya 6 noti inatoka vizuri halafu inazimika fasta kama mtu kaishika kwa kiganja, wakati freti ya 3 inaita mpaka nachoka mwenyewe. Nimebadilisha nyuzi mara mbili, bado. Fundi mmoja huku Mwanza kaniambia shingo imeoza, ninunue nyingine. Ni kweli? – Mpiga besi, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue shingo, tafadhali, hela yako itunze kwanza. Hiyo shingo haijaoza na wala hujauziwa kimeo, hiyo ndo tabia ya besi za aina hiyo tangu Precision, besi ya kwanza ya Fender, ilipotoka mwaka 1951, uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7 ndo mahali penyewe, na utaikuta hata kwenye besi mpya kabisa ya dukani.

Kinachotokea ni hivi. Sisi tunadhani uzi peke yake ndo unacheza, kumbe shingo nayo inacheza, ni ubao mrefu mwembamba uliofungwa skrubu upande mmoja, na upande wa pili una kichwa chenye vyuma vinne vizito vya kukazia nyuzi. Kila ubao wa namna hiyo una mtikisiko wake unaoupenda. Sasa noti ya C ya freti ya 5 ni kama herzi 131, yaani mitikisiko 131 kwa sekunde, na D ya freti ya 7 ni kama herzi 147, na shingo yako mtikisiko wake umeangukia humo humo, kwahiyo ukipiga noti hiyo shingo inaitikia, inanyonya nguvu ya uzi, na nguvu ikishaenda kwenye mbao haibaki ya kuingia kwenye pikapu, zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa sauti. Ndo maana nyuzi mpya hazikusaidia kitu.

Hakikisha mwenyewe leo kabla hujamlipa mtu. Piga ile noti usikilize kwa makini, kama inakwaruza zzz hiyo ni freti imenyanyuka au nyuzi ziko chini mno, ni ugonjwa mwingine, mwepesi tu. Kama inakufa kimya kimya bila kukwaruza, endelea. Tafuta C ileile kwenye uzi wa D freti ya 10, mara nyingi hapo inaita vizuri tu. Halafu nenda kwenye mlango wa mbao, egemeza kichwa cha gita pale ukandamize kidogo, piga tena freti ya 5. Mimi siku ya kwanza kufanya hivyo nilikuwa nimekaa chini sakafuni, gita limegusa kabati la nguo, na ile noti iliyonisumbua miaka ikaanza kuita, ikaita, mpaka nikaacha kupumua ili nisiivuruge.

Ikikutokea hivyo basi dawa ni uzito. Chukua klampu ndogo, weka kitambaa ili isichubue rangi, ifunge kichwani. Uzito ukiongezeka mtikisiko wa shingo unashuka, na lile pengo la noti inayokufa linahamia freti za chini, wewe unahangaika na mahali pa kufunga mpaka likae sehemu usiyoitumia sana. Wengine wanafanya kinyume, wanaweka vyuma vyepesi vya kukazia nyuzi ili lipande juu. Kulifuta kabisa kwenye shingo ya mbao ni ngumu, unalihamisha tu. Na kaza skrubu za shingo, hiyo ni bure, ila usikaze kwa hasira utaharibu matundu ya skrubu kwenye mbao.

SWALI: Kaka, mimi napiga gita la solo, Stratocaster ya Fender. Juu kuanzia freti ya 12 nyuzi nene zinatoa sauti inayoyumba kama noti mbili, na haikai. Tyuning iko sawa. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwako sio shingo kaka, nadhani ni pikapu zimepandishwa juu mno. Zile za Stratocaster zina sumaku sita zinazotazama nyuzi moja kwa moja, zikikaribia zinavuta uzi, uzi unashindwa kucheza kwa uhuru na ndo hiyo sauti ya kuyumba unayoisikia, na inazidi kadri unavyopanda kwa sababu uzi unazidi kuzisogelea. Watu wanapandisha ili gita lipige kelele zaidi, kelele ziko kwenye amplifaya jamani! Bonyeza freti ya mwisho, shusha skrubu za pikapu mpaka kati ya sumaku na uzi wa E nene kuwe na milimita 2 na nusu hivi, upande wa nyuzi nyembamba 2 inatosha. Anza na pikapu ya karibu na shingo, hiyo ndo inavuta kuliko zote.