Shanga Kumi na Tisa

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ni sawa kumvisha mjukuu wangu shanga kiunoni akitimiza arobaini, na nyekundu maana yake nini, kwa kuwa mawifi zako wanaziona kama hirizi.

Siku zote nimewaambia: ushanga hausemi mpaka ujue nani kautunga, na kamtungia nani. Misafara iliyoanzia hapa kwetu Bagamoyo ililitambua hilo kwa hasara. Stanley, mwandishi wa habari wa Kizungu aliyeondoka hapa mwaka 1871, aliandika kwamba shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo lakini kwingine hazikununua kitu, na zile nyekundu, samisami, zilipokelewa Unyamwezi ambako aina nyingine zilikataliwa. Kioo ni kile kile kilichovuka bahari.

Lakini nikisema hivyo namkana Bibi, maana yeye rangi alizijua. Nyekundu mwanamke aliivaa akiwa katika siku zake, mume akaelewa pasipo kuambiwa. Basi maana ipo, ila ni ya chumbani, si ya sokoni.

Nilipotolewa mwali alinitungia utunda wa nyuzi tatu, akiloweka ncha ya uzi mdomoni kila ulipochanua, na nikaenda nao shule ya bweni. Wiki ya kwanza mlezi wetu alitupanga bafuni, akapita na mkasi, akisema huo ni uhuni. Uzi ulipokatwa shanga ziliruka juu ya saruji zikakimbilia kwenye tundu la maji machafu, nami nikapiga magoti nikaokota kumi na tisa, nikazifunga kwenye pindo la kanga. Likizo ilipofika Bibi alinipapasa kiuno, akakuta patupu, akaondoa mkono wake taratibu, asiulize. Maneno ya kumweleza nilikuwa nayo, na zile kumi na tisa nilikuwa nazo, lakini niliona haya, nikanyamaza. Amekufa akiamini kwamba nilizitupa mwenyewe.

Sitakuamulia, mwanangu. Mtoto ni wenu, na mawifi zako wana haki ya kusikilizwa, ingawa hirizi hutafutwa kwa mganga, na hizi zilitungwa na mwanamke aliyenipenda. Hapana, nimesema sitaamua. Nyekundu zimo saba, kikopo ninacho, na uzi nimekwisha kuununua. Nikija nitakuja navyo, na mkikubali nitakaa na mawifi zako mkekani, nizitunge pamoja na mpya huku wakiniangalia.

Mama yako