Unaanza kukusanya mabango ya zamani ya michezo? Soma karatasi kwanza, jina la msanii baadaye

Wakuu mnaoanza, naona wengi mnaulizana tu ninunue la nani, Hockney au Miró au Warhol, kama vile jina ndo mzigo wenyewe. Jina liache kwanza. Unachonunua ni karatasi iliyochapwa, na picha ileile inaweza kuwa imechapwa kwa njia mbili tatu tofauti, moja bei yake inatisha nyingine ya kawaida kabisa, halafu kwenye picha ya simu zote zinafanana.

Chukua Olimpiki ya Munich 1972. Waandaaji waliwapa kazi wasanii wakubwa wa wakati ule, kina David Hockney, Josef Albers, Vasarely, Hundertwasser, Jacob Lawrence, kila mmoja atoe bango lake. La Hockney ni mtu anapiga mbizi, anakaribia kuingia kwenye maji ya bwawa, na la Lawrence ni wakimbiaji weusi wa kupokezana vijiti, yaani ukiliangalia unaona kabisa watu wamechoka lakini hawaachii. Sasa picha hizo zilitoka kwa matoleo tofauti: kuna nakala 200 zilizosainiwa kwa mkono na kupewa namba, na kuna za ofseti, yaani za mashine ya kawaida ya uchapaji, zilizochapwa kwa wingi ili watu wa kawaida wanunue wabandike. Muuzaji akikuandikia tu "Hockney, Munich 1972, orijino" bado hajakuambia kitu, muulize toleo gani. Na msichanganye na yale ya Otl Aicher, msanifu wa michoro wa Olimpiki hiyohiyo, yenye wanamichezo kwa rangi kali zilizotengenezwa kutoka kwenye picha za kamera, hayo ni kundi jingine (mimi nayapenda kuliko nusu ya yale ya wasanii, lakini hilo tuliache).

Kifaa cha kwanza kununua ni lenzi ya kukuza mara 10, ile ya masonara. Iweke sehemu yenye rangi nyepesi. Ukiona vidoti vya bluu, waridi, njano na nyeusi vimejipanga kwa mpangilio, hiyo ni ofseti. Kwenye litografia (msanii anachora kwenye jiwe au bamba, kisha inachapwa) iliyochorwa kwa mkono chembe za rangi zimekaa ovyo hazina mstari, na kwenye silkskrini (wino unasukumwa kupita kwenye kitambaa chembamba) wino ni mzito, ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona rangi imekaa juu ya karatasi kabisa.

Ila hapa ndo wapya wengi wanakosea, wakiona vidoti wanasema feki. Hapana. Bango la Hockney la Los Angeles 1984, lile la mtu anaogelea, limetokana na picha za Polaroid, zile za kamera inayotoa picha papo hapo, zilizopangwa pamoja, sasa bila vidoti ungelichapaje? Ofseti ya mwaka wenyewe ni orijino. Ya kuogopa ni ile ambayo mtu kachukua bango, kaliskani, kalichapa upya juzi. Ili kuikamata usihangaike na picha, nenda kwenye maandishi. Kwenye orijino mara nyingi herufi zimechapwa kwa rangi moja iliyojaa na kingo zake ni safi, lakini kwenye iliyoskaniwa herufi nazo zimevunjika kuwa vidoti na kingo zina ukungu. Shuka mpaka ukingo wa chini usome yale maandishi madogo ya mchapaji na mwaka, yakiwa hayasomeki au yamekatwa, uliza. Uliza na vipimo pia, yale ya wasanii ya Munich yana karibu sentimita 101 kwa 64, ukiletewa dogo zaidi basi muuzaji ana maelezo ya kutoa.

Saini nayo. Kuna saini ya penseli na kuna saini iliyochapwa pamoja na picha, na wauzaji wajanja wanaandika "imesainiwa" kwa zote mbili. Ya penseli ukiipiga taa kwa ubavu inang'aa kidogo na imeacha mkwaruzo kwenye karatasi, ya kuchapwa haiachi kitu.

Kama hela ni ya mawazo anza na Roland-Garros, yale mashindano ya tenisi ya Ufaransa, kila mwaka tangu 1980 wanampa msanii mmoja bango, wa kwanza alikuwa Valerio Adami, kwa hiyo unaweza kujenga mkusanyiko mwaka kwa mwaka bila kukimbizana na matajiri. Kombe la Dunia 1982 Hispania nalo lina utamu wake, bango rasmi ni la Miró na kuna mengine ya wasanii kama Tàpies na Chillida. Italia 1990 ni Alberto Burri, watu wanalisahau sijui kwa nini.

Kuhusu hali ya karatasi: mikunjo midogo nakubali, kubandikwa kwenye kitambaa na fundi anayejua nakubali, kugandishwa kwa gundi kwenye ubao siligusi hata liwe la nani, maana kulitoa salama ni kazi ngumu mno. Angalia nyekundu na njano, zikikaa juani ndo hutangulia kufifia na bango zima linabaki kama la bluubluu. Kwenye fremu weka kioo kinachozuia miale ya jua, kisigusane na karatasi, na kadibodi ya nyuma iwe isiyo na asidi. Selotepu hapana, kabisa.

Na likifika limeviringishwa kwenye mrija usilikunjue kwa nguvu siku hiyohiyo, litoe, liache lilegee lenyewe, halafu lilaze kati ya karatasi mbili safi na uzito mwepesi juu, siku mbili tatu litanyooka ndo ulipeleke kwa fundi fremu.