Hoja Yako Imesimama Juu ya Nini?

*Mwalimu, niliandika insha kwamba kaveera, yaani mifuko ya plastiki, zipigwe marufuku hapa Uganda. Nikarudishiwa na maneno mekundu pembeni: "Hoja haina mashiko." Mashiko ndiyo nini? Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Jinja.*

Mwanangu, nimeisoma aya uliyonitumia: "Kaveera ni mbaya sana. Kila mtu anajua zinaharibu mazingira. Kwa hiyo serikali izipige marufuku." Hizo ni sentensi tatu na zote ni madai, hakuna inayoibeba nyingine. Nenda Bwaise, mtaa wa Kampala, mvua ikikatika, msimamie kijana anayezibua mtaro kwa sepetu. Kila akiinua tope, linatoka na mifuko ya plastiki iliyoshikamana kama matambara. Huo ni ushahidi. Lakini ushahidi haujisemei. Eleza unavyofika kwenye dai: mfuko hauozi upesi, unanasa takataka nyingine, maji yanakosa njia, yanaingia sebuleni mwa watu. Kiungo hicho ndicho mwalimu wako alikitafuta asikione. Stephen Toulmin, mwanafalsafa wa Uingereza, alikichambua mwaka 1958, akakitenga na dai na ushahidi. Wanafunzi wengi hukiruka kwa sababu vichwani mwao kiko wazi mno.

Halafu kuna hili. Marufuku ya kaveera nyembamba iliwekwa kisheria mwaka 2009, na bado ukinunua nyanya sokoni unafungiwa humo humo. Ukishalijua hilo, dai lako la kwanza limekufa, na ni heri life. Sasa unaweza kudai kwamba sheria ipo ila haitekelezwi, kisha uulize kwa nini: nani anazitengeneza, na mama wa nyanya akinyang'anywa kaveera atafungia nini? Mwandishi makini huufuata ushahidi akiwa na dai moja, akarudi na jingine. Usilionee haya hata kidogo.

*Nafundisha Arua. Wanafunzi wangu wakiishiwa hoja hukimbilia methali. Niwakate alama?*

Mwalimu mwenzangu, wakate pale methali inapoachwa isimame peke yake. Anayetaka subira atasema haraka haraka haina baraka. Anayetaka mambo yaende atasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili ni zetu na zote ni tamu, kwa hiyo hakuna inayoweza kuamua kesi. Mtoto akileta methali, muulize: uliona wapi jambo hilo likitokea, na lilimpata nani? Atakachojibu ndicho akiandike.

*Takwimu ngapi zinatosha katika makala moja? Msomaji, Mbale.*

Hata moja yatosha, ikiwa unajua nani aliihesabu, mwaka gani, na ilihesabu nini hasa. Kama hujui, iache.

*Nikitaja hoja ya mpinzani wangu, si nitakuwa namsaidia? Msomaji, Kampala.*

Ndugu yangu, jibu limo humo humo mjini mwako. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere. Mwaka uliofuata, Obi Wali wa Nigeria aliandika katika Transition, jarida lililokuwa likitolewa Kampala, kwamba fasihi ya Kiafrika ikiendelea kuandikwa kwa lugha za Ulaya itagonga ukuta. Chinua Achebe alijibu mwaka 1965 katika jarida hilo hilo. Alikubali waziwazi kwamba Kiingereza kililetwa na ukoloni pamoja na mengi yasiyo na heri. Baada ya kukubali hayo ndipo alipodai kwamba Mwafrika anaweza kukikunja Kiingereza kibebe maisha yake, na hakuishia kudai. Alichukua kifungu cha riwaya yake ya mwaka 1964, mzee akimweleza mwanawe kwa nini anamtuma kwa wamisionari, akakiandika upya kwa Kiingereza kikavu, akaviweka vyote viwili mbele ya msomaji. Ukivisoma, unasikia mwenyewe mzee anavyotoweka katika kile cha pili.

Katika ugomvi ule mimi niko upande wa Wali, ndiyo maana naandika Kiswahili. Lakini darasani, siku ya kufundisha namna ya kumjibu mpinzani, ukurasa ninaoufungua ni wa Achebe.