Kabla hujapeleka malalamiko dhidi ya polisi wa kaunti hapa Maryland

Simu zinazonijia kuhusu polisi huanza karibu vilevile: "Nasikia siku hizi kuna bodi ya raia. Nikipeleka kesi yangu watamchunguza yule askari?" Bodi ipo, na malalamiko upeleke. Ila usipojua inafanya nini na nini haifanyi, utaandika karatasi isiyokusaidia, kisha utasubiri mwaka mzima ukidhani kuna mtu anazunguka mitaani kukutafutia ushahidi.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Mombasa, na huku nimekaa miaka mingi. Si wakili. Nilianza kuhudhuria vikao vya bodi ya kaunti yangu baada ya kumsaidia mpwa wangu kuandika malalamiko, na tangu hapo nimekaa mezani na Watanzania, Wakongo na Wakenya wenzangu wenye kesi zao. Kaunti siitaji, maana mambo ya watu wengine bado hayajaisha. Sheria yenyewe ni ya jimbo zima, kwa hiyo aliye Rockville na aliye Towson wote inawahusu.

Kwanza ondoa kichwani IPOA, ile mamlaka huru ya Kenya ya kusimamia polisi. Kule Kenya, baada ya damu iliyomwagika 2007 na 2008, tulipata chombo cha kusimamia polisi kwa sheria ya 2011, na chombo hicho kina wachunguzi wake wenyewe wanaoweza kufika eneo la tukio, kuhoji na kupeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Halafu polisi wetu ni wa taifa. Gavana wa kaunti hana askari hata mmoja. Maryland ni kinyume. Kaunti kubwa zina polisi wao, na mkuu wa polisi huyo hana waziri wa usalama juu yake: yuko chini ya viongozi wa kaunti waliochaguliwa na watu. Raia wanaomsimamia, kwa upande wao, hawana wachunguzi.

Tulifikaje hapa? Mwaka 1974 Maryland ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria maalumu ya kuwalinda askari wanaotuhumiwa utovu wa nidhamu, na kwa karibu nusu karne askari alihojiwa na kuhukumiwa, kwa sehemu kubwa, na askari wenzake. Kifo cha George Floyd kule Minneapolis mwaka 2020 kiliwasukuma wabunge wa jimbo. Mwaka 2021 waliifuta sheria ile, Gavana Larry Hogan akaukataa muswada kwa kura ya turufu, nao wakaupitisha tena juu ya kichwa chake mwezi Aprili. Kuanzia Julai 1, 2022 kila kaunti ikatakiwa kuwa na mfumo mpya.

Mfumo huo una ngazi tatu, na watu huzichanganya. Bodi ya uwajibikaji wa polisi ndiyo inayopokea malalamiko, kukutana na wakuu wa polisi kila robo mwaka na kutoa ripoti ya mwaka kabla ya Desemba 31. Ukiwapa malalamiko, wana siku tatu kuyapeleka kwa idara husika. Ndiyo, kwa idara ileile. Wanaochunguza ni kitengo cha masuala ya ndani cha polisi wenyewe. Wakimaliza, jalada huenda kwa kamati ya mashtaka ya nidhamu yenye raia watano: mwenyekiti wa bodi au mjumbe aliyemteua, wawili waliochaguliwa na bodi, na wawili waliochaguliwa na mtendaji mkuu wa kaunti. Hao ndio huamua kama askari ashtakiwe kinidhamu, na hupendekeza adhabu kwa kufuata jedwali moja la jimbo zima. Mkuu wa polisi anaweza kuiongeza adhabu hiyo, kuipunguza hawezi. Askari akiikataa, anakwenda mbele ya baraza la watu watatu: jaji, raia aliyeteuliwa na bodi, na askari wa cheo sawa na chake.

Mimi nauona udhaifu wake, na kikaoni nimeusema mbele yao: raia wanaamua juu ya uchunguzi ambao hawakuufanya. Lakini hata kwa udhaifu huo kuna nguvu ambayo mlalamikaji hakuwa nayo zamani. Kamati inaweza kutazama picha za kamera ya kifuani, kumwita askari mbele yao, na kuirudishia idara kazi kwa kusema uchunguzi huu haujakamilika. Yote hayo wanayafanya wakiwa na jalada mbele yao. Ukurasa wa kwanza wa jalada hilo unauandika wewe.

Mpwa wangu alisimamishwa usiku akitoka shifti ya kuuguza wazee. Askari hakumwambia sababu, akamtoa garini, akapekua gari. Malalamiko aliyoyaandika mara ya kwanza yalijaa maneno kama "alinidharau", "alinitendea kibaguzi", "nilidhalilika sana". Ukweli mtupu, lakini mtu aliye ofisini hawezi kuyapima. Tulikaa naye tukauliza: alisema nini, neno kwa neno? Uliuliza sababu mara ngapi? Ulikubali gari lipekuliwe, au ulisema hapana? Mkono wake ulikuwa wapi? Karatasi ya pili ikawa fupi, kila tendo kwenye sentensi yake: alifanya hivi, nikasema hivi, akajibu hivi. Maumivu tuliyaweka mwishoni, sentensi mbili.

Uamuzi ulipokuja, kwenye upekuzi hawakumpa haki. Kwenye kutojitambulisha na kutotaja sababu walimpa, kwa kuwa sheria ya jimbo inamtaka askari, pasipo na dharura, aonyeshe kitambulisho na kutaja jina lake, namba yake, idara yake na sababu ya kukusimamisha mwanzoni kabisa. Mpwa wangu alikuwa ameandika kwamba aliuliza na hakujibiwa, wakafungua picha, wakaikuta. Jambo lisilotajwa kwenye malalamiko huenda asiwepo wa kulitafuta kwenye video ya saa nzima.

Hapo kwenye saa, angalia sana. Mzee mmoja wa Kigoma aliandika kwamba tukio lilitokea saa 5 na dakika 40. Yeye alikuwa na maana ya usiku, karibu na saa 6 ya kwetu. Mpokeaji angesoma alfajiri au jioni, na picha zingetafutwa saa sita mbali na tukio. Geuza saa kwa hesabu ya Kizungu kabla hujatuma.

Sheria inataka vitu vitatu tu: jina la askari, maelezo ya tukio, na namna ya kuwasiliana na wewe au na mtu anayepeleka kwa niaba yako. Jina hukulipata? Andika namba ya gari lake, barabara, upande mliokuwa mkielekea, umbile lake. Idara ina kumbukumbu za nani alikuwa wapi. Kiapo na mhuri wa mthibitishaji hazihitajiki, na hali yako ya uhamiaji haimo kwenye vitu hivyo vitatu, kwa hiyo usiijaze pasipoulizwa. Na kwa kuwa mtu mwingine anaruhusiwa kupeleka kwa niaba yako, shangazi asiyejua Kiingereza hana sababu ya kunyamaza. Mahojiano yakija, omba mkalimani. Usimweke mtoto wa darasa la saba kutafsiri jinsi baba yake alivyotukanwa.

Kabla ya hayo yote, jua ni polisi gani. Huku magari ya polisi ni ya kila aina, na watu wetu huona taa za buluu tu. Polisi wa kaunti na wa miji iliyo ndani ya kaunti, kama Takoma Park, wako chini ya bodi ya kaunti. Polisi wa jimbo wanaokukamata kwenye barabara kuu wana kamati yao ya ngazi ya jimbo, na hiyo ndiyo inayowahusu pia polisi wa mbuga wanaohudumu Montgomery na Prince George's. Polisi wa treni za Metro ni chombo kingine kabisa. Nimeona malalamiko mazuri yakizunguka miezi kwa sababu yalitumwa mlango usio wake. Soma maandishi ubavuni mwa gari, au kwenye tiketi uliyopewa.

Kama una kesi ya jinai iliyotokana na tukio hilohilo, hata ya kosa dogo, usiandike chochote kabla ya kuongea na wakili wako. Unachokiandika kinaweza kusomwa mahakamani. Na kama unataka fidia, elewa kwamba bodi haitoi senti. Madai dhidi ya kaunti yana taarifa yake ya maandishi, ambayo kwa kawaida inatakiwa ndani ya mwaka mmoja tangu uumie, na malalamiko ya nidhamu hayahesabiwi kuwa taarifa hiyo. Hili limewaponyoka watu wengi waliokuwa wakingoja jibu la kamati kwanza.

Ushahidi kusanya mapema. Una haki ya kumrekodi askari akiwa kazini mradi humzuii wala huvunji sheria, na sheria ya 2021 inamkataza kukuzuia. Kamera za dukani na za mlangoni kwa majirani hujifuta zenyewe, kwa hiyo kaombe nakala wiki hiyohiyo. Za kifuani zimeenea sasa; idara zote za polisi za kaunti zilitakiwa kuwa nazo ifikapo Julai 1, 2025. Hata hivyo nimewahi kusikia kikaoni kwamba kamera iliwashwa dakika kadhaa baada ya mambo kuanza, na shahidi aliyekuwa kwenye kiti cha abiria ndiye aliyeokoa jalada.

Ukishatuma, omba namba ya jalada. Idara inatakiwa kuwa na mahali pa kuingiza namba hiyo ili uone kesi ilipofika, na pia mtu maalumu wa kukuelekeza hatua kwa hatua. Mtafute, muulize jina lake. Sheria ya 2021 iliweka ukomo wa mwaka mmoja na siku moja hadi kamati itoe uamuzi, na uamuzi huo lazima uandikwe na nakala uletewe. Usome wote. "Hajashtakiwa" si sawa na "tuhuma hazina ukweli", na yote mawili ni tofauti na kusema askari alifuata sheria na kanuni. Jibu la aina ya mwisho linakuonyesha kwamba kilichokuumiza kimeruhusiwa kwenye kanuni, na kanuni ndiyo inayojadiliwa bodi inapokutana na mkuu wa polisi.

Ndiyo maana nawasumbua watu waje kikaoni. Vikao viko wazi, na nafasi ya raia kusema mara nyingi ipo. Usije kusimulia kesi yako iliyo mezani, kwa sababu hawawezi kuijadili hadharani. Njoo na swali la jumla: kwa nini watu wengi wanasimamishwa barabara fulani usiku wakati shifti za hospitali zinabadilishana? Takwimu za kusimamisha magari ziko wapi? Nilipouliza hivyo, mkuu wa polisi aliahidi kuleta jibu kikao kijacho, akalileta, na halikutupendeza.

Nafasi za ujumbe hutangazwa na kaunti. Askari aliye kazini haruhusiwi kuwa kwenye bodi, na wanaoingia kamati ya mashtaka hupitia mafunzo ya taratibu za polisi kabla ya kuanza. Ukifanya shifti ya usiku ulizia ratiba kwanza, maana vikao vingi ni vya jioni na majalada ni manene.